Plamsi kwa brendi, stroberi kwa mvinyo au pasheni kwa Konyagi: uanze na jamu ipi?

Plamsi zikianza kupangwa kwa ndoo kando ya barabara pale Makambako, kuelekea Krismasi, watu wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini hununua kuliko wanavyoweza kula. Baada ya siku chache nyumba nzima inanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hapo ndipo wazo la jamu linapokuja. Mwenye brendi iliyobaki kabatini hujiuliza kama nayo inaweza kuingia humo. Inaweza, na inapendeza sana. Tatizo ni kwamba wengi huanzia kwenye chupa, ndipo watafute tunda la kuendana nayo. Pombe ni vijiko viwili tu vya mwisho. Tunda ndilo linaloamua kama utapata jamu ya kupaka mkate au sharubati nzito.

Nimechagua jozi tatu ambazo mtu anayeishi kati ya Iringa na Tukuyu anaweza kuzipata bila kuagiza kitu Dar es Salaam: plamsi kwa brendi, stroberi kwa mvinyo mwekundu wa Dodoma, na pasheni kwa Konyagi. Msimamo wangu nautoa mapema. Kama hujawahi kupika jamu ya namna hii, anza na plamsi kwa brendi. Inaganda yenyewe bila kubembelezwa, haidai kitu cha ziada dukani, na unaweza kuigawa sufuria mara mbili, upande mmoja utiwe pombe na mwingine usitiwe. Stroberi kwa mvinyo ina harufu ya kuvutia kuliko zote, lakini ndiyo inayowasumbua wengi. Pasheni ni ya mwenye subira na nafasi ya kutosha jikoni, na akimaliza kazi hiyo hajuti.

Joto la huku si joto la vitabuni

Kabla ya kulinganisha matunda, kuna jambo moja linalogusa jozi zote tatu, na nadhani ndilo linaloharibu jamu nyingi za huku kuliko jingine lolote. Maelekezo mengi ya jamu, hasa yanayotoka Uingereza na Marekani, husema chemsha mpaka kipimajoto kisome nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam au Tanga, lakini kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema, takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi na Mbeya mita 1,700 hivi, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa nyuzi 94 na ushei. Njombe, iliyo karibu na mita 2,000, ni chini zaidi ya hapo.

Jamu huiva sukari yote iliyomo, ya tunda na uliyoongeza, inapofika kama asilimia 65 ya uzito. Katika hali hiyo mchanganyiko huchemka kwa nyuzi nne hadi tano juu ya joto la maji ya mahali hapo. Kwa Mbeya na Iringa hiyo ni karibu nyuzi 99, na kwa Njombe ni karibu 98. Anayesubiri 105 akiwa Mbeya anaendelea kukausha maji mpaka sukari inapita kiwango mbali. Jamu inakuwa ngumu, inageuka rangi, inapata ladha ya sukari iliyoungua, na ikikaa wiki chache inaanza kufanya chenga za sukari. Tena watu hulaumu tunda au mkaa.

Njia ya uhakika ni hii: chemsha maji matupu kwanza, tumbukiza kipimajoto, andika kinachosomeka, kisha ongeza nne na nusu. Hiyo ndiyo namba yako, na itabaki hiyo hiyo maadamu hujahama. Asiye na kipimajoto atumie sahani baridi. Weka visahani viwili vitatu kwenye friza (Makete mwezi wa Julai hata dirishani panatosha), dondosha kijiko cha chai cha jamu juu ya kimoja, subiri dakika moja, halafu sukuma kwa ncha ya kidole. Uso ukijikunja mikunjo myembamba mbele ya kidole, jamu imeiva. Ukitiririka na kurudi mahali pake, bado. Muhimu ni kuitoa sufuria motoni wakati unasubiri jibu la sahani, maana jamu haikusubiri wewe.

Nani anaganda mwenyewe, nani anahitaji kusaidiwa

Kinachogandisha jamu ni pektini, kitu kilichomo ndani ya ganda na nyama ya tunda. Pektini ikikutana na uchachu wa kutosha na sukari nyingi, inajifunga na kushika maji. Plamsi, matofaa, mapera na matunda damu zina pektini nyingi. Stroberi, pichi na peasi zina kidogo. Pasheni ina tabia yake: juisi yake ni chachu sana lakini haina pektini ya maana, ilhali ganda lake limejaa pektini.

Kuna kipimo rahisi, na inafurahisha kwamba kinatumia kilevi kilekile tunachozungumzia, ila si cha kunywa. Chukua kijiko cha chai cha juisi ya tunda lililokwisha kulainika kwa kupikwa, kabla ya kutia sukari, ikishapoa. Mwagia kijiko kimoja cha chakula cha spiriti ya duka la dawa, zungusha kikombe taratibu bila kukoroga, uache dakika moja. Juisi ya plamsi itajikusanya bonge moja la utelezi unaloweza kuliinua kwa uma. Ya stroberi itatoa vipande vidogo vilivyotawanyika, au isitoe chochote. Spiriti hiyo ni sumu: mwaga mchanganyiko wote, osha kikombe, wala usionje. Usijaribu kuokoa fedha kwa kutumia Konyagi katika kipimo hiki, kwa kuwa kilevi chake cha asilimia 35 ni hafifu na majibu yake hayaeleweki.

Ukishafanya kipimo hiki mara moja kwa plamsi na mara moja kwa stroberi, mjadala wa uanze na ipi unakwisha hapo hapo mezani.

Plamsi kwa brendi

Ubora wa jamu hii unaanzia kwenye ndoo. Wauzaji wetu ni waungwana, wakiona unanunua nyingi huanza kukuchagulia zilizoiva vizuri na kutupa pembeni zile ngumu zenye kijani karibu na kikonyo.

"Kamwene, mama. Hizo ngumu niachie humo humo."

"Hizi bado, mwanangu. Zitakuuma meno."

"Nazipika. Nipe hata na hizo ulizotoa."

Zile ngumu ndizo zenye pektini na uchachu mwingi zaidi. Tunda likiiva sana pektini yake inavunjika, likabaki tamu lakini halina nguvu ya kugandisha. Mimi napenda robo ya ndoo iwe ya zisizoiva sawasawa na zilizobaki ziwe zimeiva hasa, zenye ganda jekundu la giza. Hizo za pili ndizo zinazoleta ladha na rangi.

Kwa kilo moja ya plamsi, tumia kilo moja ya sukari na maji kama mililita 250. Zioshe, zikate nusu, toa kokwa zinazotoka kirahisi. Zinazong'ang'ania ziache. Zitajitenga na kuelea zenyewe tunda likilainika, uziokote kwa mwiko. Usizivunje kokwa ili kutia punje zake, maana zina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sayanidi. Pika tunda na maji kwa moto wa wastani mpaka maganda yalainike kabisa. Hatua hii watu huikimbiza, na haifai. Ganda likikutana na sukari kabla ya kulainika linakaza, na ukipika saa nzima baadaye halitalegea. Chukua ganda moja, libonye kati ya vidole viwili. Likisagika bila kubakiza uzi, tia sukari.

Sukari ikishayeyuka yote, ongeza moto mpaka ichemke kwa nguvu, mapovu yakipanda na kushuka. Tumia sufuria pana, isijae kupita nusu. Nyingi za huku ni za aluminiamu, nazo zinafaa kwa kupikia, lakini usiache tunda chachu lilale humo usiku kucha. Kama unayo ya stili, tumia hiyo. Dakika 10 hadi 20 kwa kawaida zinatosha. Dalili ya kwanza utaiona kwenye mapovu: yale madogo meupe yanapungua, yanakuja makubwa mazito yanayopasuka kwa kishindo kidogo. Hapo anza kupima kwa sahani.

Brendi inaingia mwisho kabisa. Toa sufuria motoni, iweke mbali na jiko, subiri dakika tano, engua povu, kisha tia vijiko viwili vya chakula vya brendi na ukoroge taratibu. Hizo dakika tano zina kazi mbili: zinapunguza mvuke unaopoteza harufu ya brendi, na zinafanya jamu iwe nzito kidogo ili vipande vya tunda visipande vyote juu ya chupa. Kupima brendi kwenye kikombe na kukimimina mbali na moto si hofu ya bure. Mvuke wa pombe kali unashika moto kwa urahisi, na mtu anayemimina kutoka kwenye chupa juu ya sufuria iliyo jikoni anashika chupa ya moto mkononi.

Mbona brendi na si kingine? Brendi ni mvinyo uliokenekwa na kuwekwa kwenye mapipa ya mbao, kwa hiyo inakuja na harufu ya tunda lililokauka na mbao kidogo. Plamsi iliyopikwa ina uchachu na uchungu mdogo wa ganda unaopokea vitu hivyo vizuri. Ramu nyeusi nayo inafaa, hasa kwa wanaopenda utamu mzito. Wiski sipendekezi, ile ya moshi inalifunika tunda kabisa. Na hapa sioni sababu ya kununua chupa ya bei kubwa. Ndogo ya kawaida, iliyofungwa na yenye stempu ya kodi, inatosha sufuria nyingi.

Kilo moja ya plamsi na kilo ya sukari hutoa jamu ya karibu kilo 1.6. Ukitaka kugawa, jaza chupa za wasiokunywa kwanza, kisha tia kijiko kimoja cha brendi katika nusu iliyobaki sufuriani. Kwa nyumba yenye watoto, wageni wa madhehebu tofauti na shangazi mwenye kupenda kilicho kikali, huu ni uhuru mkubwa, na kwangu unaipa plamsi alama ambazo stroberi haiwezi kuzipata.

Stroberi kwa mvinyo wa Dodoma

Harufu ya sufuria hii ikichemka inafika barabarani. Stroberi na mvinyo mwekundu vinaelewana tangu mwanzo, na rangi inayotoka ni nyekundu ya giza inayong'aa ukiinua chupa kwenye mwanga. Nikipeleka zawadi harusini, ningependa kupeleka hii. Lakini nakushauri usianze nayo, na sababu zenyewe ni hizi.

Kwanza ni pektini, ambayo tumeshaiona. Stroberi peke yake na sukari itakupa kitu cha kumwagia maziwa ya mgando. Lazima usaidie: limau mbili kwa kilo moja ya tunda, pamoja na tofaa moja chachu lililokunwa na ganda lake. Matofaa ya Makete au Njombe yanafaa kabisa, hasa madogo yasiyopendwa na wanunuzi. Mbegu za limau na maganda yake ya ndani usitupe, zifunge kwenye kitambaa safi na uzichemshe humo, nazo zina pektini.

Pili, mvinyo una maji mengi. Kilevi chake ni kama asilimia 12 hadi 14, na karibu kila kilichobaki ni maji. Ukiutia mwishoni kama brendi, ama utatia kidogo usionekane, ama utatia wa kutosha na jamu ilegee. Kwa hiyo mvinyo huingia mwanzoni, ukachemka pamoja na tunda. Kwa kilo moja ya stroberi, gramu 850 za sukari na juisi ya limau mbili, tumia mililita 200 za mvinyo, glasi moja tu. Chagua usio na sukari kama unaupata, maana utamu humo hautapungua. Nyunyizia sukari juu ya stroberi usiku, kwenye bakuli la kioo au plastiki, asubuhi utakuta zimetoa maji na zimekaza. Zikikaza hivyo hazivurugiki zote sufuriani, na jamu inabaki na tunda zima zima.

Tatu, kwa kuwa mvinyo umeingia mwanzoni, huwezi kugawa sufuria. Yote ni ya mvinyo au hakuna.

Na kuna bei. Stroberi huuzwa kwa vikopo vidogo, na kilo moja ni vikopo kadhaa. Zinaharibika haraka. Zilizokaa siku mbili kwenye basi zinafika nusu zikiwa na ukungu, na jamu haiondoi ladha ya ukungu. Kama una jirani mwenye bustani anayekuchumia asubuhi, pika. Kama unategemea zinazosafirishwa, fikiri mara mbili.

Pasheni kwa Konyagi

Pasheni ya zambarau inapenda ubaridi wa milima, ndiyo maana yetu ina harufu kali kuliko ile ya njano ya pwani. Jamu yake ni ya dhahabu, chachu, na kijiko kimoja kinaamsha mkate mkavu. Kazi yake iko kwenye maganda.

Osha kilo moja na nusu ya pasheni zilizoiva, zile zilizojikunja ganda. Mbichi ziache, maana maganda ya pasheni changa nayo yana chembechembe za kutoa sayanidi. Kata nusu, kwangua nyama na mbegu uweke pembeni. Chemsha nusu ya maganda kwenye maji mengi mpaka ile nyama nyeupe ya ndani ivimbe na ianze kuonekana kama kioo. Huku juu inachukua dakika 40 au zaidi kwa sababu maji yetu ni ya nyuzi 94. Yakipoa, kwangua hiyo nyama kwa kijiko, tupa ngozi ya nje iliyo kama mpira, saga uliyokwangua, changanya na juisi uliyochuja. Bakiza vijiko viwili vya mbegu kwa ajili ya sura. Pima mchanganyiko wote kwa mizani, tia sukari ya uzito huo huo, chemsha. Inaganda haraka kuliko unavyotarajia, na usipokuwa karibu inashika chini.

Konyagi ina kilevi cha asilimia 35 na haina rangi, kwa hiyo dhahabu ya pasheni inabaki dhahabu. Brendi ingeipeleka kwenye ukahawia. Sukari yenye ukahawia pia hufifisha rangi hii, nyeupe ikipatikana ni bora hapa, wakati kwenye plamsi haidhuru chochote. Kijiko kimoja na nusu cha chakula cha Konyagi kwa kilo ya jamu kinatosha, baada ya kutoa motoni, kama nilivyoeleza kwa brendi. Ukizidisha, ukali wake unatokea mbele ya tunda, na hauna harufu tamu ya kuufunika. Nayo inagawika sufuriani kama plamsi.

Matunda mengine, kwa haraka

Pichi ni tamu mno na hazigandi, zichanganye nusu kwa nusu na plamsi, brendi ile ile. Peasi zinahitaji limau nyingi na zinapenda ramu na kipande cha tangawizi. Matunda damu yanaganda vizuri sana, ila menya ganda lake baada ya kumwagia maji ya moto, lina uchungu. Matofaa peke yake yanatoa jamu isiyo na sura. Thamani yake kubwa ni kuwasaidia wenzake.

Je, kilevi hakiishi jikoni?

Wengi husema kikipikwa kinakwisha chote. Si kweli, na ni vizuri mwenye nyumba ajue anachowawekea watu mezani. Kwa vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani, pombe iliyotiwa kwenye kitu kinachochemka kisha kikatolewa motoni hubakiza karibu asilimia 85 ya kilevi chake. Ikichemka pamoja na chakula kwa dakika 15 inabaki 40, kwa nusu saa 35, kwa saa nzima 25.

Tukipiga hesabu: vijiko viwili vya brendi ni mililita 30, kilevi chake kama 12, kinabaki kama 10 katika sufuria zima. Glasi ya mvinyo ya mililita 200 ina kilevi kama 26, ikichemka nusu saa kinabaki kama 9. Kwa hiyo jamu ya mvinyo uliochemshwa na jamu ya brendi iliyotiwa mwishoni zinakaribiana. Chupa moja ya bia ya mililita 500 ina kilevi kama 25, zaidi ya mara mbili ya sufuria zima la jamu. Kijiko juu ya mkate hakimleweshi mtu. Lakini kwa Mwislamu, Msabato, Mlokole, mama mjamzito, mtoto, au mtu anayepambana kuacha pombe, suala si kulewa. Ni haki yake kujua. Andika kwenye kila chupa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ina pombe na ni pombe gani. Chupa zisizo nayo zifunike mifuniko ya rangi nyingine.

Nimeulizwa kuhusu ulanzi, na naelewa kwa nini. Kwa mtu wa Iringa au Njombe hicho ndicho kinywaji cha nyumbani, kinagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, mtogwa ukiwa mtamu na mkangafu ukiwa umekomaa. Kama unautaka kwenye jamu, ufanye kama mvinyo: tia mwanzoni, chemsha pamoja na tunda. Usiutie mwishoni hata kijiko. Uko hai, una hamira, na chachu hiyo ikiingia kwenye jamu iliyokwisha kupoa itaendelea na kazi yake ndani ya chupa. Ladha yake ikipikwa ni hafifu, inabaki uchachu mwembamba. Mimi ulanzi naupenda zaidi kwenye kikombe.

Gongo usitie kabisa. Ni kinyume cha sheria, na hakuna anayejua kilichomo. Methanoli iliyomo ikizidi inapofusha na kuua, wala huwezi kuitambua kwa kuonja au kwa harufu. Vinywaji vya maziwa kama Amarula navyo viache, maziwa hukatika kwenye tunda chachu.

Chupa na kabati

Usitegemee pombe kuhifadhi jamu. Asilimia moja ya kilevi haizuii ukungu. Kinachohifadhi ni sukari, uchachu na chupa iliyofungwa sawasawa, na kwa sababu hiyo usipunguze sukari ukidhani brendi itafidia. Chemsha chupa tupu dakika 15, jaza jamu ikiwa bado moto sana, acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa, funga kwa mfuniko mpya wa bati. Kisha zamisha chupa zilizofungwa kwenye maji yanayochemka: dakika 10 kwa Mbeya na Iringa, 15 kwa Njombe, Makete na kwingine juu ya mita 1,800. Mfuniko ukipoa ukazama katikati na usirudi ukiubonyeza, umeshika. Usioshika, weka chupa hiyo kwenye friji na uile kwanza. Kwenye kabati lenye giza jamu iliyofungwa vizuri hukaa mpaka msimu mwingine wa plamsi. Ya brendi iache angalau wiki mbili kabla ya kufungua, ukali wake utulie. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji, mwezi mmoja.

Anayefikiria kuuza aanzie ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wake, wanafundisha usindikaji, na bidhaa yenyewe lazima ipite TBS, shirika la viwango. Iringa ndiko kwa Dabaga, kiwanda cha kusindika matunda na mboga, soko la jamu na sosi linaeleweka huku, lakini jamu yenye pombe ina maswali yake ya leseni, uliza kabla ya kununua chupa mia.

Na kama imekataa kuganda? Subiri siku mbili, jamu nyingine huchelewa kushika. Bado ikitiririka, irudishe yote sufuriani, ongeza juisi ya limau na tofaa moja lililokunwa kwa kila kilo, chemsha kwa nguvu dakika chache, pima kwa sahani. Ile harufu ya brendi itakuwa imepungua sana kwa kuchemka mara ya pili, kwa hiyo ukishaitoa motoni tia kijiko kimoja kipya, uoshe na kuchemsha chupa upya, na ubadilishe mifuniko.